Barua ya wazi kwa mwanangu anayetoka Innsbruck, Austria, kwenda kusoma New Orleans, Marekani

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka Houston, mimi mama yako mkubwa, nikitumaini kwamba mitihani ya muhula wa kiangazi imekwisha salama na kwamba mama yako ameanza kupunguza kulia. Ameniambia kuwa kuanzia Agosti utakuwa mwanafunzi wa kubadilishana katika Chuo Kikuu cha New Orleans, kwa mihula miwili, na kwamba akiba yako ya maswali imekuwa ndefu kuliko orodha ya mizigo. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengine wa kwetu walioko Vienna, Graz na Linz wamekwisha kuniuliza mambo hayohayo juu ya watoto wao, nami sina nguvu ya kuandika barua ileile mara nyingi. Kiswahili chako kinatosha kuisoma. Palipo pagumu, mwulize mama.

Njia unayoifuata ilikwisha kanyagwa. Wanafunzi wa New Orleans wamekuwa wakija Innsbruck kwa masomo ya kiangazi tangu mwaka 1976, na baadaye vyuo hivyo viwili vikafunga urafiki wa kupeana wanafunzi na walimu, hata miji yenyewe ikawa miji dada. Mwanahistoria Günter Bischof, mzaliwa wa jimbo la Vorarlberg huko Austria, alikuja huko akitokea Innsbruck akiwa mwanafunzi, akapata shahada ya uzamili, akaenda Harvard kwa uzamivu, kisha akarudi New Orleans kufundisha na kuongoza kituo cha masomo ya Austria kwa miaka mingi. Kwa hiyo usifike ukidhani kwamba wewe ni Mtirol, yaani mtu wa jimbo lenu la Innsbruck, wa kwanza kutokwa jasho kando ya Ziwa Pontchartrain, ziwa la mji huo.

Lakini sikuandika ili nikueleze historia. Nataka ulielewe jambo moja kabla hujapanda ndege, kwa maana mengi yatakayokushangaza huko yanatokana nalo: utasoma bure mahali ambapo aliyeketi kando yako analipa. Austria, raia wa nchi za Umoja wa Ulaya halipi ada katika chuo kikuu cha umma ilimradi amalize ndani ya muda uliopangwa pamoja na mihula miwili ya nyongeza; akizidisha hapo hutozwa euro 363.36 kwa muhula, na wageni wengi wa kutoka nje ya Umoja huo hutozwa mara mbili yake. Mnanung'unika hata kwa hizo, nakumbuka maandamano. Kwa utaratibu wa kubadilishana, wewe unaendelea kuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa Innsbruck, unatoa mchango wenu mdogo wa chama cha wanafunzi, na chuo kinachokupokea hakikudai ada ya masomo. Jirani yako hana mkataba wa namna hiyo. Wamarekani wanadaiwa mikopo ya elimu inayozidi dola trilioni 1.6, na wadaiwa ni zaidi ya watu milioni 40, wengine wao wakiwa na wajukuu. Jimbo la Louisiana lina msaada uitwao TOPS kwa vijana wake waliofaulu vizuri sekondari, lakini msaada huo hauwalipii chumba wala chakula, na hukatwa wastani wa alama ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa.

Mimi nilisoma hapa Texas nikiwa na kadi ya kijani mfukoni na zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na ninawajua watu hao kwa sura ya macho yao asubuhi. New Orleans utawakuta wengi, kwani chuo chako ni cha watu wanaotoka nyumbani na kazini, wengine wana umri wa mama yako, na si wote wanaoishi kampasini kama unavyowaona kwenye filamu. Mmoja wao akikataa mwaliko wako wa jioni, au akiondoka katikati ya kazi ya kikundi kwa sababu zamu yake inaanza, usimhesabu kuwa mtu asiyependa wageni. Na usiwasimulie, kama nilivyomsikia kijana mmoja wa Ulaya akifanya mezani kwangu, jinsi mwaka wa kubadilishana ulivyo mwaka wa mapumziko.

Hesabu hiyo ya fedha ndiyo inayoeleza pia kwa nini masomo yenyewe yatakuwa tofauti. Innsbruck umezoea mhadhara uliotangazwa kuwa wa saa nne kuanza saa nne na robo, ukumbi uliojaa watu mia tatu, profesa asiyekujua, na mtihani mmoja mwishoni unaoweza kuurudia ukishindwa. Huko saa nne ni saa nne. Siku ya kwanza utapewa silabasi, na silabasi hiyo uisome kama mkataba wa nyumba: imeandikwa ni vipindi vingapi unaweza kukosa, insha ipi inatakiwa siku gani, jaribio la kila wiki lina uzito wa asilimia ngapi, na mtihani wa nusu muhula una uzito gani. Ukianguka mtihani wa mwisho, kwa kawaida hakuna wa kurudia. Utalirudia somo zima, na wewe muda huo hutakuwa nao. Wanafunzi wengi wa Austria hucheka wiki mbili za mwanzo wakisema wamerudishwa sekondari, maana hata kazi ya nyumbani husahihishwa, kisha ikifika Oktoba wanagundua kwamba kazi ndogondogo zilizorundikana zinakula usiku wote. Nakiri kwamba naupenda mfumo huu kuliko wenu. Mwalimu aliyelipiwa na mwanafunzi humwona mwanafunzi, mlango wake huwa wazi saa alizozitangaza, na ukienda kumwuliza swali hakuoni mjinga. Nenda. Kijana aliyelelewa kumwita mtu Bwana Profesa Daktari hujikunyata mbele ya mlango huo, na mwaka unapita bila kuutumia.

Alama zisikuchanganye: kwenu 1 ndiyo bora na 5 ni kuanguka, huko A ndiyo ya juu na wastani kamili huandikwa 4.0, kwa hiyo usimwonyeshe mtu matokeo yako ya Innsbruck bila maelezo. Viza yako ya J-1, ile ya wanafunzi wa kubadilishana, inakutaka uwe mwanafunzi wa muda wote, yaani krediti (vipimo vya uzito wa somo) zisizopungua 12 kwa muhula kwa wanaosoma shahada ya kwanza, ilhali krediti 15 za huko kwa kawaida ndizo hulinganishwa na pointi 30 za Ulaya ambazo Innsbruck inazitarajia kwa muhula. Hakikisha mtaala wako umekubaliwa kwa maandishi nyumbani kabla hujaondoka, na somo likibadilika wiki ya kwanza, kama linavyobadilika kila mara, omba kibali kipya siku hiyohiyo. Unaruhusiwa kufanya kazi kampasini hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ila ofisi inayosimamia viza yako iidhinishe kwanza. Kazi ya nje, hata ya kumsaidia rafiki yangu mgahawani kwa wikendi moja, usiiguse.

Bima nayo si karatasi ya kujaza tu. Wewe umezaliwa na kadi ya afya mkononi. Hujawahi kuuliza bei ya kushonwa kidole. Kanuni za J-1 zinadai bima inayofidia angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na bado utakutana na kiasi unachopaswa kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Ukiumwa bila hatari, nenda zahanati ya chuo, si chumba cha dharura.

Kuhusu pombe nitasema kidogo, kwa kuwa sikuulizi kama unakunywa. Tirol sheria imekuruhusu bia na divai tangu ukiwa na miaka 16. Marekani ni 21, kwa sheria ya mwaka 1984 iliyotishia kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yatakayokataa, na wewe una miaka 20. Bourbon Street, mtaa wa baa wa New Orleans, itakufanya udhani kwamba sheria hiyo haijafika huko. Imefika, na kosa dogo la kijana wa huko ni kosa kubwa kwa mwenye viza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mama yako ameniomba niliseme mimi, kwa kuwa baba yako, mtu mwema kabisa, hawezi kulijua. Innsbruck umekua ukiulizwa unatoka wapi hasa, kwa ajili ya rangi yako, hata na watu waliosikia lafudhi yako ya Kitirol isiyo na doa. New Orleans, mji ambao wengi wa wakazi wake ni weusi, hakuna atakayekuuliza hivyo mpaka ufungue mdomo. Utapita barabarani ukiwa mmoja wa watu wa mji, bibi atakuita mtoto wake kituoni, kisha utasema neno na uso utabadilika kwa mshangao, na ukisema Austria, wengine watasikia Australia na kukuuliza habari za kangaruu. Fomu zitakutaka uweke alama kwenye kisanduku cha rangi, na hapo utaamua mwenyewe. Usikubali kuamuliwa na mtu. Huenda ukajisikia uko nyumbani kuliko ulivyowahi kujisikia, na siku ileile ukajisikia mgeni kuliko mwenzako mzungu wa Salzburg. Vyote viwili vitakuwa kweli.

Ujue basi mahali unapokanyaga. Chuo chako kilifunguliwa mwaka 1958 kama tawi la Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), kikapokea wanafunzi weupe na weusi pamoja katika jimbo ambalo shule zake bado zilikuwa zimetengwa kwa rangi. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1956, bunge la Louisiana lilikuwa limeunda tawi la Southern University, chuo cha weusi cha jimbo hilo, katika mji huohuo kwa ajili ya weusi. Vyuo hivyo viwili vya umma vipo mpaka leo upande uleule wa mji karibu na ziwa, na uamuzi huo wa zamani ndio unaoeleza kwa nini jimbo liligawa fedha zake chache kwa vyuo viwili katika mji mmoja. Nenda ukavione vyote viwili. Na askari akikusimamisha, mikono yako ionekane, jibu kwa utulivu, lafudhi yako usiifiche.

Chakula hakitakutesa. Supu nzito ya huko ina bamia zilezile ulizokuwa ukizitema utotoni, na Jumatatu ni desturi ya mji kula maharage mekundu na wali, jambo lililomfanya mama yako acheke kwenye simu. Chumba ndicho kitakachokusumbua: huenda ukalala na mtu usiyemjua, vitanda viwili ndani ya chumba kimoja, nawe umezoea hosteli ya kila mtu na mlango wake.

Mwisho ni vimbunga. Majira yake rasmi ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na wewe unawasili Agosti, wakati mbaya kuliko wote. Tarehe 29 Agosti 2005 Katrina ilivunja kingo za mifereji, mmojawapo ukiwa hauko mbali na chuo chako, na karibu asilimia 80 ya mji ikazama. Tarehe hiyohiyo mwaka 2021, Ida ilizima umeme wa mji mzima. Amri ya kuhama ikitolewa usisubiri wenzako waamue. Barabara ya I-10 kuelekea magharibi inakuleta hadi kwangu, kilomita zipatazo 560, na kitanda kipo. Jaza namba yangu kwenye fomu ya chuo, mahali pa mtu wa kuitwa wakati wa dharura.

Kama hakuna kimbunga, nakutarajia sikukuu ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, wakati kampasi inapokuwa tupu. Usitafute treni kwa mazoea yako ya Austria, ambako tiketi moja ya mwaka inakupandisha karibu kila kitu. Kutoka New Orleans kuja Houston treni hupita mara tatu tu kwa wiki na huchukua karibu siku nzima. Chukua basi la Jumatano asubuhi kabla foleni haijaanza, na unitumie saa ya kufika ili nije kituoni.

Mama yako mkubwa