Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Umma: ubao usituhesabie dakika za basi lisilokuja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: TAARIFA KWA ABIRIA SIKU ZA THELUJI NZITO

Siandiki kuilalamikia theluji. Ninafahamu kwamba chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hupungua nguvu kadiri baridi inavyozidi, na ikifika nyuzi 10 hivi chini ya sifuri karibu haifui dafu. Ninafahamu pia kwamba barafu ikishindiliwa kwenye swichi za reli, pale treni inapobadilishiwa njia, safari hazina budi kusimama hadi iyeyushwe au mafundi waikwangue. Ninachokilalamikia ni ubao.

Asubuhi ile tulikuwa watu kama 14 kituoni, na ubao wa kielektroniki ulisema basi litafika baada ya dakika 7. Zikawa 5, zikawa 3, ikabaki 1, kisha mstari ukafutika kana kwamba basi limekuja na kuondoka, na mahali pake ukapanda mwingine wenye dakika 15. Hali hiyo ilijirudia mara tatu. Mama mmoja aliinuka akapangusa kioo cha ubao kwa glavu, akidhani labda theluji ndiyo iliyotufanya tusome vibaya. Hatimaye dereva wa gari la kumwaga chumvi, aliposimama kwenye taa, ndiye aliyeshusha kioo na kutuambia kwamba mabasi ya njia yetu hayakuwa yametoka karakana tangu alfajiri.

Nimejaribu kuelewa ubao unavyoweza kulihesabia dakika basi lililoegeshwa. Kwa kawaida mitambo hii hutegemea kifaa kilichomo ndani ya basi kutuma mahali lilipo. Kifaa kikiwa kimya, mitambo mingi hurudia ratiba ya kila siku, na safari iliyofutwa huendelea kuonekana mpaka mtu wa chumba cha uongozaji aiondoe. Siku ya theluji mtu huyo yumo katika kupokea simu za madereva waliokwama, na kazi ya kutuarifu sisi huachwa hadi apate nafasi, ambayo haipati.

Ninaomba, kabla ya majira mengine ya baridi, saa zinazotokana na ratiba tupu zitofautishwe waziwazi na zile za basi linaloonekana njiani, na usafiri ukivurugika ziondolewe kabisa. Maneno kama “Hatujui basi litafika lini, tutawaarifu tena saa 2:30” yangetutosha, kwa sharti kwamba saa 2:30 ikifika kweli tuarifiwe, hata kama hakuna jipya. Ninaomba pia ateuliwe mtumishi ambaye siku hizo hatakuwa na kazi nyingine ila hiyo, na matangazo yasomwe kwa kipaza sauti pia, kwa ajili ya wasioona.

Tafadhali tusijibiwe kwamba taarifa zilikuwemo kwenye programu ya simu. Betri hupungua upesi kwenye baridi kali (yangu ilizima nikiwa bado nasubiri), na si kila abiria ana simu janja.

Ningependa kujua ni mwenye cheo gani anayewajibika kuondoa safari zilizofutwa ubaoni, na kama asubuhi ile kulikuwa na mtu zamuni.

Wako,
Abiria wa basi la alfajiri