Mama, hii ndiyo hesabu ya nyumba yangu

Reading, Septemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Salma na Idi wanakusalimu sana. Idi kang'oka meno ya mbele, picha yake atakuonyesha Mwanaidi kwenye simu. Najua barua hii atakusomea Kaka Athumani, maana miwani yako mpaka leo haijatengenezwa. Namuomba asome neno kwa neno, asiruke panapomchoma.

Nimeyapata maneno yaliyosemwa kwa Ba'mdogo Sefu baada ya hitima. Eti Zuhura ana pesa ya kununua nyumba moja mara mbili, ila ya kujenga fremu tatu za maduka kwenye kiwanja cha baba yake hana. Na watu wakacheka. Nimeambiwa Bi Rukia naye alicheka, na siku alipolazwa Bombo anajua nani aliyelipa. Basi haya, nieleze.

Huku Uingereza ukinunua fleti, mara nyingi hununui ardhi. Unanunua haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba, na ardhi ina mwenyewe, ambaye kila mwaka unampa kodi ya ardhi. Mkataba wangu ulianza Desemba 2006, wa miaka 99. Niliponunua mimi mwaka 2019, mwenzangu wa mwanzo alishaila miaka yake. Na miaka ikiisha yote, fleti inarudi kwa mwenye ardhi, na matofali yake, na mabomba yake, na lile jiko nililowatumia picha. Kabla hata haijafika huko, ikipungua sana benki zinakataa kumkopesha anayetaka kukununulia. Unabaki na nyumba isiyouzika.

Sasa sheria ya hapa ina mstari, nao ni miaka 80. Ukiomba kuongezewa wakati imebaki zaidi ya 80, unalipa bei ya kawaida. Ukichelewa ikawa 80 au chini yake, mwenye ardhi ana haki ya nusu ya faida yote ambayo nyumba inapata kwa kuongezewa miaka. Mimi nilikuwa nafika 80 Desemba hii. Mthamini wangu alinikadiria kwamba nikivuka hapo, ningeongeza zaidi ya pauni elfu nne za bure. Wapo walioniambia nisubiri, kwa kuwa mwaka 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuifuta hiyo nusu na kutoa miaka 990. Ni kweli imepitishwa. Lakini sehemu hiyo mpaka naandika barua hii haijaanza kutumika, na kalenda haisubiri wabunge. Sikusubiri.

Februari wakili akapeleka notisi ya kuomba kuongezewa miaka kwa sheria ya hapa ya mwaka 1993, inayompa mwenye fleti miaka 90 juu ya ile iliyobaki. Kampuni yenye ardhi ikajibu kwamba inataka pauni 14,500. Sisi tulikuwa tumeandika 7,000. Kisha wakanyamaza, barua hazijibiwi, simu inapokelewa na msichana asiyejua lolote. Nadhani walitaka nichoke. Lakini Mama, walichosahau ni kwamba bei inapimwa kwa tarehe ya notisi, siyo kwa siku watakayoamka wao. Wakae miezi miwili, wakae mitatu, hesabu ni ile ile ya Februari. Nilimwambia wakili ajaze fomu ya kwenda kwenye baraza la ardhi na nyumba. Fomu ilipofika tu, wakapata ulimi. Tukamaliza kwa pauni 9,200. Wakili alisema wateja wake wengi huwa wanakubali jibu la kwanza. Mimi nikamwambia nimelelewa na mwanamke aliyekuwa akinunua samaki Deep Sea.

Kilichonichemsha damu ni kwamba gharama za wakili wao na mthamini wao nimezilipa mimi. Ndivyo sheria ilivyo. Mtu anapambana na wewe kwa mfuko wako. Ukijumlisha na wakili wangu na mthamini wangu, jumla imefika kama pauni 13,200. Athumani, kabla hujaigeuza kuwa shilingi: ndiyo, ni zaidi ya milioni 40. Za zamu za usiku. Siongezi neno.

Na nilichokipata ni hiki: fleti ya dadako ni yake mpaka mwaka 2195. Kodi ya ardhi ya pauni 150 kwa mwaka imekufa. Karatasi inasema kwa sasa nadaiwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, yaani ni kama bure, tena kama wataidai. Wakiidai nitawapa ile ya kutoka Amani uliyonifungia kwenye kitambaa, japo imebaki kidogo na pilau ya Idi ilinipunguzia. Siku ile nilipika peke yangu, mlango nimefungua upepo uingie, nikatamani upepo wa Raskazone, nikatamani hata kelele za Mwanaidi. Harufu tu, Mama. Haya.

Sasa tuje kwenye fremu.

Wakati nasoma mkataba wangu nilikumbuka hati ya kiwanja cha Baba cha Chumbageni, hapo Tanga. Mimi ndiye niliyempeleka Baba siku anaichukua, nikiwa na sare ya shule, na alinisomesha kila mstari mbele ya karani. Hati ile ni ya miaka 33, kuanzia Julai 1994. Hesabuni wenyewe. Inakwisha 2027! Hapo kwetu ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunamilikishwa kwa muda, na muda wa hati ukiisha na miliki nayo imeisha. Tutabaki kupiga magoti. Kaka yangu anataka nimwage saruji juu ya kiwanja kilichobakiwa na muda usiofika miaka miwili, ambacho kwenye vitabu vya ardhi bado ni cha marehemu, na hati yenyewe imelala ndani ya sanduku la Ba'mdogo kama mahari ya mtu. Tena imeandikwa makazi. Fremu ni biashara, lazima kuombwe kubadilisha matumizi. Nani ameomba?

Sijakataa kutoa. Natoa, lakini kwa mpangilio. Kwanza kikao cha ukoo, na mhtasari wake upelekwe Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Mimi napendekeza Mwanaidi. Athumani najua hapo umekunja uso, ila Mwanaidi ndiye anayetunza risiti. Pili, Ba'mdogo atoe hati. Akisema ataitoa kwa Mama tu, Mama uende na teksi, nitalipia. Tatu, kodi ya pango la ardhi ambayo haijalipwa tangu Baba atangulie, mwende ofisi ya ardhi mpewe namba ya malipo mnitumie nailipa yote kwa mara moja. Nne, maombi ya kuongeza muda yaingie mapema, na mwombe 99 siyo 33. Nikishaona hati mpya kwa macho yangu, tutazungumza fremu ngapi, na mojawapo Athumani atakaa bure. Hilo naliandika ili lisomwe mbele ya watu, kama yalivyosemwa yale.

Bi Rukia msalimie. Mwambie sina kinyongo, ila nilisikia.

Harusi ya mtoto wa Mjomba Kombo sitaweza kuja, likizo yangu nimeiweka Ramadhani ijayo, Inshallah tutafuturu pamoja. Mnichagulie kanga, zile za misemo ya vijembe, mbili.

Pesa ya dawa zako na ya miwani nimetuma jana. Imepita kwa namba ya Mwanaidi, siyo ya Athumani. Usome na hapo, kaka.

Mwanao,
Zuhura