Kwa Nini Tunaupima Mguu kwa Altrasaundi Kabla ya Kuutibu

Wengi wanaofika katika kliniki yetu wakiwa na mishipa iliyovimba na kujipindapinda miguuni hutuonyesha palipotokeza na kuomba paondolewe siku hiyohiyo. Ombi hilo tunalielewa, kwa maana uzito wa miguu jioni na uvimbe wa vifundo humchosha sana mtu, hasa mwalimu, mpishi au muuzaji anayesimama kutwa. Hata hivyo, mshipa unaoonekana mara nyingi ni tawi tu la vena iliyo ndani zaidi, na tawi likitibiwa peke yake, uvimbe hurudi.

Vena hurudisha damu kwenye moyo, na vali zilizomo ndani yake huizuia isishuke. Vali zikilegea, damu hurudi chini na mshipa hutanuka. Altrasaundi ya Dopla huonyesha umbo la mshipa pamoja na mwelekeo wa damu, bila sindano wala mionzi, hivyo hata mjamzito hupimwa. Tunakupima ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala kasoro inaweza kujificha. Mpimaji huliminya shavu la mguu na kuliachia. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde katika vena za juu, yaani zilizo karibu na ngozi, vali hizo hazifungi sawasawa.

Kipimo hichohicho hutafuta damu iliyoganda katika vena za ndani. Vena isiyo na tatizo ikikandamizwa, kuta zake hukutana. Yenye bonge la damu haibonyei. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, tafadhali usisubiri miadi yetu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiishiwa pumzi au ukiumwa kifua, hiyo ni dharura, kwani huenda bonge limefika mapafuni.

Katika tiba ya leza, inayoziba mshipa wenye kasoro kwa joto, daktari hupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa huku akitazama skrini, na huisimamisha ncha yake takriban sentimita 2 kabla ya pale mshipa unapoungana na vena kuu kinenani. Ganzi nayo hudungwa kuuzunguka mshipa kwa kufuata picha, ili joto lisiunguze ngozi wala neva. Baadaye tunapima tena kuhakikisha mshipa umeziba na vena za ndani ziko wazi.

Huhitaji kufunga kula kabla ya kipimo. Vaa nguo pana, njoo na majibu ya vipimo vya awali, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache bila ushauri wa daktari wako.