Usichane kurasa za daftari lako

Pangani, Februari

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Berlin. Sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwako uliye mbali na kwenye baridi. Mama anakuombea dua kila siku.

Barua yako nimeisoma, na kuna jambo limeninyima raha. Unasema lile daftari lako kubwa la kumbukumbu, lenye tiketi za treni, risiti, ratiba za semina na vijikaratasi ulivyobandika tangu uanze uzamili, umeanza kulipunguza. Kila ukurasa unaouonea haya unauchana. Nakuomba usimame kwanza, nikusimulie ya mwanafunzi mwingine aliyepita hapo hapo ulipo.

Ni W.E.B. Du Bois, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Great Barrington, Massachusetts. Alifika Berlin mwaka 1892 akitokea Harvard, akaingia chuo hicho hicho chako, enzi hizo kikiitwa Friedrich-Wilhelms. Fedha alipewa na Mfuko wa Slater, nusu msaada na nusu mkopo. Makaratasi yake leo yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, nayo yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, mtu yeyote anayasoma bure. Mimi nimeyasoma kwa simu, hapa hapa barazani.

Kuna karatasi moja ambayo nimeirudia mara nyingi. Ni ratiba aliyojipangia mwenyewe ya kusherehekea miaka 25 ya kuzaliwa kwake, tarehe 23 Februari 1893. Ameipanga kwa saa, kama vile ratiba ya mkutano. Usiku wa kuamkia siku yenyewe: muziki, kisha barua kwa bibi yake. Saa sita ya usiku, sadaka. Asubuhi kifungua kinywa, kusoma barua za zamani, kuwakumbuka wazazi, kuimba. Alasiri kahawa huko Potsdam. Jioni semina, maana masomo hayasubiri siku ya mtu. Kisha divai ya Kigiriki, kakao na machungwa. Shoga, hebu mwone kijana huyo, peke yake katika chumba cha kupanga, ugenini, anajiandalia shughuli ambayo nyumbani ingeandaliwa na watu wengine. Usiku ule aliwasha mishumaa, akatumia divai na mafuta, akaimba, akasali. Vitabu vyake vichache aliviweka wakfu kwa mama yake, aliyekuwa ameshafariki tangu 1885. Hapo nilitua simu kidogo.

Na sikia hili. Katika miaka hiyo hiyo, chini ya chuo hicho hicho, kulikuwa na Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa 1887. Maofisa wa Kijerumani walijifunza Kiswahili pale kabla ya kutumwa huku kwetu. Mmoja wa waliowafundisha ni mtu wa Unguja, Amur bin Nasur, ambaye naye ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapwa Berlin mwaka 1894. Kwa hiyo wakati Du Bois anakwenda kwenye semina yake, lugha yetu ilikuwa inasomwa mitaa hiyo hiyo, na waliokuwa wakiisoma walikuwa wanajiandaa kuja kututawala.

Ndiyo maana kuna sehemu ya maandishi yake ya siku ile iliyonichoma. Anataja mipango yake ya maisha: kujipatia jina katika sayansi, kujipatia jina katika fasihi, na kwa njia hiyo kuwainua watu wake. Halafu anaongeza kwamba, au pengine, atasimamisha dola Afrika kwa kupitia Uingereza, Ufaransa au Ujerumani. Ujerumani! Mimi naandika kutoka Pangani, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri, aliyeongoza vita dhidi yao, Desemba 1889, miaka mitatu na ushei tu kabla ya mishumaa ile kuwashwa. Nilikasirika, sikufichi. Nikajiuliza aliwezaje kuwa na akili nyingi kiasi kile na bado asiyaone hayo.

Lakini karatasi hakuichana. Mtu huyo huyo alikuja kuwa nguzo ya umoja wa Waafrika. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa viongozi wa kongamano la Manchester, mle walimokuwamo Kenyatta na Nkrumah. Mwaka 1961 alihamia Ghana, akachukua uraia wake, na huko Accra akafa tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95. Angeweza kabisa, katika miaka yote hiyo, kuitoa ile sentensi ya ujana wake. Hakuitoa. Alipoondoka Marekani makaratasi yalibaki kwa rafiki yake Herbert Aptheker, na mwaka 1973 chuo cha Amherst kikayanunua kwa mjane wake, Shirley Graham Du Bois. Sentensi imo. Na kwa kuwa imo, mimi namwamini hata pale anapomkumbuka mama yake, na ninaona umbali alioutembea kutoka Berlin hadi Accra.

Masomo yake hapo hayakwisha vizuri, nawe unajua uchungu wa jambo hilo. Mfuko ulikataa kumlipia mwaka wa tatu, akarudi kwao 1894 bila udaktari wa Berlin. Mwaka uliofuata Harvard ilimpa wake, Mweusi wa kwanza kuupata pale. Chuo chako kilimtunuku udaktari wa heshima mwaka 1958, kikiwa tayari kinaitwa Humboldt.

Sasa nirudi kwako. Ule ukurasa ulioandika baridi ya kwanza, kwamba hutarudi tena nyumbani, najua ndio unaokusumbua. Uache. Mama yako akiusoma siku moja ataumia, ndiyo, lakini pia atajua ulivyoteseka, jambo ambalo kwenye simu hukuwahi kumwambia. Risiti za dukani zitoe fotokopi mapema, maana maandishi yake yanafifia yenyewe, na gundi huyafifisha haraka zaidi. Nyuma ya kila kitu andika tarehe na mahali. Zile kurasa ulizokwisha kuchana, kama bado ziko chumbani, zitie kwenye bahasha uziweke mwishoni mwa daftari.

Nijibu kabla ya Ramadhani, na uniambie siku yako ya kuzaliwa ulikula nini.

Ni mimi shoga yako akupendaye