Kaka ameniita mlinzi wa nyumba

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Neno lenyewe halinitoki: mlinzi. "Wewe tulikuweka pale kama mlinzi tu." Alilisema kaka yangu mkubwa Jumapili, mbele ya mawifi, mbele ya mwanangu, chai ikiwa bado mezani.

Nyumba yenyewe iko mjini kati hapa Mwanza, upande wa kushukia kivuko cha Kamanga. Unazijua zile nyumba za zamani za Wahindi, zenye roshani ya mbao na mwaka umechorwa kwa saruji juu ya mlango. Yetu ina 1938. Marehemu baba aliinunua 1973 kwa fundi cherehani aliyekuwa anahama nchi. Zile kubwa za kupangisha zilishataifishwa 1971. Hii ilisalimika kwa udogo wake.

Nilirudi hapo 2009 baada ya ndoa kunishinda. Nasema mwenyewe wasije wakadai nimeficha. Lakini tangu siku hiyo nani alimwogesha mama? Nani alimpeleka kliniki ya kisukari kila mwezi? Wenzangu wako Dar, Pasaka wanatuma elfu hamsini. Ziwa lilipofura 2020, unyevu ulipanda ukutani mpaka usawa wa kitanda cha mama. Nilikopa kwenye kikoba nikabandua plasta yote na kupiga upya. Mlinzi anafanya hayo?

Walitaka kumhamishia mama kwao, akakataa. Mdogo wake alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, na hakupatikana. Wengine walizikwa Igoma, wakapata pa kupeleka maua. Mama hakuwa na kaburi la kwenda, alikuwa na roshani. Jioni anakaa hapo, ule mwamba wa ziwani, Jiwe la Bismarck, mbele yake, mpaka asikie honi ya kivuko cha mwisho ndipo anakubali kuingia ndani. Wadudu wa ziwani wakija kama moshi tunazima taa zote, tunakaa gizani mimi na yeye bila kuongea. Kaka hajawahi kukaa giza lile hata siku moja.

Mama amefariki mwaka jana. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao cha ukoo nilisaini mwenyewe, sikushikiwa mkono. Sasa amepata mnunuzi anayetaka kubomoa apandishe ghorofa. Fungu langu litakuwepo, anasema. Mimi sitaki hela, Shangazi. Ingawa kama lazima iuzwe, basi gharama zangu za plasta zitolewe kwanza, hiyo ni haki.

Na nisikudanganye, nyumba yenyewe imenichosha. Ngazi zinaniua magoti, wikiendi muziki mpaka alfajiri, walevi wanakojoa ukutani chini ya dirisha langu. Mara nyingi nimewaza kiwanja Buswelu, nyumba ya chini, nipande hata mchicha. Pengine kaka angenikalisha kitako akaniambia, "Dada, umechoka, umemtunza mama, tuuze sote tupumzike," ningekubali siku ileile. Lakini mlinzi!

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wanatafuta hati hawaioni. Wamepekua sanduku la bati la mama, wamenyanyua mpaka godoro. Ninayo mimi. Mama alinikabidhi wiki yake ya mwisho, akasema, "Itunze." Hakusema ni yako, hakusema usiwape. Nimeizungushia kanga yake, iko kwenye begi la nguo zangu za baridi. Kaka aliniuliza kama nimeiona nikamwambia sijui. Sikupanga kusema uongo, lilinitoka tu, kwa sababu ya lile neno.

Sasa Jumatano anakwenda polisi kuripoti kuwa imepotea, kisha atangaze gazetini. Ataapa kwa mdomo wake kitu ambacho mimi najua si kweli. Ni kaka yangu, ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne.

Nimpe? Na nikimpa, nimwambie nilikuwa nayo tangu lini? Ukijibu naomba usitaje herufi za jina langu, wifi mkubwa anakusoma.

Wako,
Dada wa mjini kati, Mwanza