Hita ya Gari Malindi ya Nini? Soma Kabla Injini Haijachemsha

Ukimwambia mtu wa Malindi kwamba hita ya gari lake imekufa, atakuuliza kama umekosa kazi ya kufanya. Jua la hapa linachoma mpaka usukani haushikiki, na kitufe pekee kinachoguswa kwenye dashibodi ni cha AC. Ndiyo maana tatizo hili hutufikia gereji kwa kuchelewa, na aghalabu huletwa na mtu aliyetoka bara. Amepanda Nairobi mwezi wa Julai kumtazama mtoto shuleni, au amekwenda harusini Limuru, kioo cha mbele kikafunga ukungu, akaongeza joto hadi mwisho, na matundu yakazidi kumpulizia baridi. Akirudi pwani, anasahau. Siku nyingine yuko njiani kwenda Mombasa, taa nyekundu inawaka, na hapo gari halisogei tena bila ya kuvutwa.

Kwa haibridi, yaani magari ya petroli na umeme pamoja, hasa Toyota Aqua na Prius zilizojaa mji huu, hita isiyotoa joto ni habari ya injini. Joto la hita halina chanzo kingine cha maana zaidi ya injini yenyewe: petroli inachomeka, kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) inabeba joto, na sehemu ya kulanti hiyo inapitishwa kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa juu ya rejeta hiyo, nawe unapata joto. Baadhi ya Prius zina vipasha joto vidogo vya umeme vya kusaidizia, lakini kazi kubwa ni ya kulanti. Basi injini ikiwa moto na hewa ikiwa baridi, kuna uwezekano mkubwa kwamba kulanti haifiki inakotakiwa. Mara nyingi imepungua, hewa imeingia kwenye mabomba, na hewa hiyo hukimbilia sehemu za juu, ikiwemo rejeta ya hita.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni kwamba magari haya hayana ule mshale wa joto tuliouzoea kwenye Probox na Corolla za zamani. Kuna taa tu, nayo huwaka mambo yakiwa yameshafika pabaya. Tena kwenye Aqua, na kwenye Prius za kuanzia 2009, pampu ya maji ya injini inaendeshwa kwa umeme. Hakuna mkanda wa kupiga kelele kukuonya. Pampu inakufa kimya, na dereva anaendelea kusikiliza redio. Mtu wa namna hiyo hana kipimo cha joto kilicho karibu naye kuliko hita.

Kwa hiyo jipimie mwenyewe. Endesha kama kutoka mjini hadi Gede, kisha zima AC, weka joto juu kabisa, feni katikati, na usubiri kama dakika mbili. Najua ni adhabu kwa hali ya hewa yetu, fungua vioo. Hewa ikitoka ya moto sawasawa kila tundu, vizuri. Ikitoka ya moto gari likienda na kupoa likisimama, au upande mmoja moto na wa pili vuguvugu, au ukasikia maji yakichuruzika nyuma ya dashibodi kila unapokanyaga mafuta, usiondoke tena kwenda mbali kabla ya kutuona.

Tahadhari mbili ili usije kwetu bure. Ukiweka joto, injini itawaka yenyewe na kukataa kuzima hata kwenye foleni. Hilo si tatizo. Gari linalinda joto la kulanti. Pia ukiwa umebonyeza ECO, gari hubana matumizi na joto hutoka kidogo kidogo. Toa ECO kwanza ndipo upime.

Tukishalipokea gari, hatuanzi na kompyuta. Tunaanza na macho, injini ikiwa imepoa. Hapa ndipo wengi huteleza, hata mafundi: chini ya boneti ya haibridi kuna matangi mawili ya kulanti. Moja ni la injini, la pili ni la inveta, kile kisanduku cha umeme mkubwa chenye nyaya za rangi ya machungwa. Mabomba yao hayakutani. Mteja anafungua boneti, anaona tangi la inveta limejaa hadi alama, anafunga akiwa na amani. La injini liko pembeni, kavu. Hita inategemea la injini peke yake.

Halafu tunatazama rangi. Kulanti ya Toyota huwa ya waridi, inakuja ikiwa imeshachanganywa, na kwa injini muda wake wa kwanza kubadilishwa ni kilomita 160,000, baada ya hapo kila 80,000. Tukikuta maji meupe au ya kutu, tunajua kuna mtu amekuwa akijazia ya bomba, au mbaya zaidi, ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi na alumini havielewani hata kidogo. Hula rejeta, hula pampu, na tope lake huenda kujikusanya kwenye vijia vyembamba vya rejeta ya hita. Ukikwama njiani usiku na huna kingine, bora chupa za maji safi ya kunywa ya dukani ufike nyumbani, kisha uje tusafishe mfumo mzima. Usijizoeshe.

Baada ya macho ni mikono. Kuna paipu mbili zinazopita kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, moja inapeleka kulanti kwenye hita na nyingine inairudisha. Injini ikishapata moto, fundi anashika zote mbili. Zote zikiwa za moto, kulanti inapita vizuri, na tatizo liko ndani: mlango wa kuchanganya hewa ya moto na ya baridi haufunguki au mota yake ndogo imekufa. Moja ikiwa moto na ya pili baridi, rejeta ya hita imeziba. Zote zikiwa baridi wakati injini inaunguza, basi kulanti imekwisha, imejaa hewa, au pampu haizungushi. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na huondoa ubishi mwingi.

Ndipo inapokuja skana, ile kompyuta ya kusoma hitilafu za gari. Inatuonyesha joto halisi la kulanti kwa namba, na kwa magari yenye pampu ya umeme tunaweza kuiamuru izunguke huku tukiisikiliza na kuona kasi yake. Kuna namba za hitilafu tunazozitafuta. P261B inaelekeza kwenye pampu ya maji ya injini. P148F inasema pampu inazunguka kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi hutokana na kuzungusha hewa badala ya kulanti. P0128 inasema injini haifikii joto lake, na hapo mkono wa kwanza unakwenda kwenye themostati, kile kizibo kinachofungua na kufunga njia ya kulanti kufuata joto, kikiwa kimekwama wazi. P0A93 ni ya upoaji wa inveta; haihusiani na hita, lakini tukiiona hatunyamazi.

Kama kulanti imepungua, swali la haki ni moja: imekwenda wapi? Kujaza tu na kumwachia mteja aende ni kumdanganya. Tunafunga pampu ya shinikizo mdomoni mwa tangi na kuangalia kama mshale unashuka. Ukishuka na chini kukalowa, tumepata paipu au rejeta inayovuja. Ukishuka na zulia la abiria likalowa, pamoja na ile harufu tamutamu na kioo kinachopata ukungu wenye mafuta, ni rejeta ya hita. Ukishuka na hatuoni tone popote, tunaanza kuwa na hofu ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Hapo tunatumia dawa ya buluu juu ya mdomo wa tangi: ikigeuka njano, moshi wa injini umeingia kwenye kulanti. Dalili nyingine ya gasketi mteja huwa ameshaiona bila kujua: asubuhi gari linawaka likitetemeka kama lina homa, dakika moja baadaye linatulia.

Kuna lalamiko jingine ambalo kwa Malindi ndilo kubwa, na wateja hawajui kwamba ni la hita. Mtu anakuja, "Fundi, niongezee gesi, AC haipoi." Tunapima gesi, imetimia. Kumbe ule mlango wa kuchanganya hewa umekwama nusu kwenye upande wa joto. Kwenye magari haya kulanti ya moto hupita kwenye rejeta ya hita wakati wote, na mlango tu ndio unaotenga hewa baridi na joto lake. Ukikwama, AC inapoza na hita inapasha kwa pamoja. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha: tunabana paipu ya hita kwa muda mfupi. AC ikipoa ghafla, gesi haikuwa na kosa. Tafadhali usikubali kujaziwa gesi mara kwa mara kabla ya kipimo hiki kufanywa.

Matengenezo yenyewe hutofautiana sana kwa uzito. Themostati na mota ya mlango ni kazi ndogo. Pampu ya umeme ni spea ya bei, ila kuifunga si shida. Rejeta ya hita ndiyo kazi ya jasho, kwa sababu mara nyingi dashibodi yote lazima itoke. Tope likiwa ndiyo sababu, tunajaribu kwanza kuiosha kwa kusukuma maji kinyume na mwendo wake, bila shinikizo kubwa lisije likaipasua. Huwa inasaidia, si kila mara.

Wengi hutuomba njia ya mkato: tuunganishe paipu mbili ili kulanti iiruke hita kabisa. "Mimi nakaa Malindi, hita ya nini?" Inavuja na huna pesa ya dashibodi leo? Tutakufanyia, na tutaandika kwenye risiti ili mwenye gari ajaye ajue. Lakini hatukushauri uiache hivyo. Siku utakayopanda bara kwenye mvua na baridi, kioo kitajaa ukungu kwa ndani na hutakuwa na cha kukikausha. (Ukungu wa hapa pwani mara nyingi ni wa nje, kwa sababu AC imekipoza kioo. Huo futa kwa waipa, punguza AC, hauna uhusiano na hita.)

Kujaza kulanti baada ya kazi nako kuna adabu yake. Kumimina na kufunga kifuniko huacha hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo iliyoleta kesi. Sisi tunavuta hewa yote kwanza kwa mashine, kulanti ikaingia yenyewe, kisha tunazungusha pampu kwa skana, tunaliendesha gari, tunaliacha lipoe, na kuangalia tena alama. Kwa hiyo ukiambiwa gari litalala, lisikukere. Kazi ikigusa inveta, kwanza tunatoa betri ndogo, tunachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa chochote. Ukimwona fundi ameketi kando ya gari lako wakati huo, hajalala.

Na taa nyekundu ikiwaka barabarani: zima AC, weka hita joto juu na feni yote huku ukitafuta pa kuegesha. Hewa ikitoka moto, hita inakusaidia kupunguza joto la injini. Ikitoka baridi, kulanti haipo au haizunguki. Zima gari hapo hapo, hata kama umebakisha kilomita mbili. Kifuniko usikiguse mpaka injini ipoe kabisa, kwani maji yaliyo ndani yanachoma vibaya.

Kipimo cha kwanza tunakifanya asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwa hiyo ulilete jioni lilale kwetu, au uje nalo alfajiri tukupe kiti usubiri lipoe. Usijazie chochote njiani, tuone lilivyo. Kama kuna fundi aliyewahi kuligusa, tuambie alibadilisha nini, hatutamsema. Bei ya spea tunakupigia simu kukueleza kabla ya kufungua, na spea kuukuu tunakurudishia uione kwa macho yako.