Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Sherehe ya Desemba ilifana, wafiwa wawili tuliwafariji, na pampu tatu za mkono wilayani Bongo, kaskazini mwa Ghana, tulizibadilishia mabomba yaliyoliwa na kutu. Tulianza na cedi 61,000, tukakusanya 14,300. Kisima kipya kilikula 58,500, matengenezo na vipimo 5,200, zimebaki 11,600. Mkaguzi ameridhika.

Sasa nije kwenye kisima, maana najua ndicho kilichowaleta.

Inasemwa nimetupa fedha zenu kwa kufunga kisima tulichokizindua sote. Ni kweli nilikifunga, na ingekuwa leo ningekifunga tena. Mchimbaji alituletea majibu ya vijidudu na chuma tu. Mimi ndiye niliyepeleka chupa kwenye maabara nyingine, kwa nauli yangu. Floraidi, madini ambayo yakizidi majini huharibu meno na mifupa, ilizidi mara mbili kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Graniti ya Bongo ndiyo inayoitoa, na maji yake ni maangavu, matamu, hayana harufu.

Mimi ni mtu wa Arumeru, Tanzania, ambako maji yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia nimekua nayo. Siku ya uzinduzi binti wa miaka kama minane alicheka, kisha akaziba mdomo upesi kwa kiganja. Ishara ile naijua. Nimeifanya ujana wangu wote.

Wapo walioshauri maji yachemshwe. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea. Wengine walitaka kibaki kisima cha kufulia. Mtoto aliyetoka kuchunga mbuzi juani, nani atasimama pale kumzuia asikinge viganja?

Mnauliza kwa nini Kamati iliamua peke yake. Mkutano niliitisha mara mbili. Kwanza walikuja 9, halafu 11, na akidi yetu ni 24. Kinachoniuma ni kina mama waliorudi kwenye kisima cha zamani, mwendo wa nusu saa na beseni kichwani. Mmoja aliniuliza kama tumekuja kuwapa maji au kuwaonjesha. Sikuwa na jibu.

Katika wanachama 47, waliolipa ada kamili ni 19. Waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu kisima, wengi hawamo katika hao 19. Majina sitayataja.

Mwakani, Mungu akipenda, tutavuna maji ya mvua kwenye paa la shule. Bongo ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo tangi lazima liwe kubwa. Nimeanza pia kuulizia mkaa wa mifupa, ule wanaochujia floraidi kule kwetu Ngurdoto. Bei bado sijaipata.

Cedi 11,600 hazifiki kwenye tangi hilo. Ada ni 700, na mweka hazina atakaa pale mlangoni na kitabu cha risiti mpaka saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti